Ukuta wa Mwalimu Fidélie Kapinga, Mahali Gael Alipoegemea

Mwaka mzima umepita, Fidélie wetu, Mama Jémima, tangu asubuhi ile ya tarehe kumi na nne Agosti ulipotutoka, baada ya siku kumi na moja tu za hospitali. Tunakuandikia sisi wa nyumbani. Wakisoma na majirani wa hapa Kolwezi si vibaya, maana watoto wao wengi walijifunza maneno kwenye ukuta wetu.

Ulikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Mlikuwa na watoto sabini na wawili na ubao mmoja uliopasuka, kwa hiyo alasiri uliwaleta wale waliobaki nyuma hadi nyumbani, kumi kumi, kwenye ukuta unaotazama barabara ya malori. Ulisema mtoto asipoelewa neno lililoandikwa, mpe alichore. Sadrack, mume wako, ambaye watoto humwita Tata, yaani baba, ni mpaka rangi wa malori kwenye garaje. Kila Ijumaa alikuletea makopo yenye masalio ya rangi ya mafuta. Nyekundu ndiyo iliyokuwa ikibaki zaidi, basi nomino zikawa nyekundu: ndoo, sepeto, treni, bibi. Vivumishi vikawa vya njano. Vitenzi uliamua viwe vya kijani, ingawa kijani kilikuwa adimu, kwa sababu ulitaka vionekane kutoka mbali.

Tunakumbuka siku ya vivumishi. Mliwachora mbuzi watatu: mbuzi mnene, mbuzi mwembamba na mbuzi mkaidi. Wawili wa kwanza walikwisha upesi. Watoto wakakwama kwa wa tatu.

"Madame, ukaidi tutauchora namna gani?" Marlène akauliza.

"Muangalie Tata Sadrack siku banamukataza chumvi," ukajibu, bila hata kugeuka.

Mbuzi yule akachorwa na kofia ya Sadrack, na shingo imekakamaa. Mwenye kofia alikasirika hadi saa ya kula, kisha akaanza kuwaonyesha wageni.

Kwa vitenzi, mtoto alisimama akigusa ukuta huku akitenda, mwenzake akamzungushia mstari wa makaa, kisha umbo likajazwa rangi na neno likaandikwa tumboni. Anaruka. Anatwanga. Anafua. Gael alichagua "analala" akidhani amepata kazi nyepesi.

"Na utalala umesimama?" ukamwuliza.

"Niko na pa kuegemea, Madame." Akakusogelea, akalaza kichwa kwenye mkono wako.

Ukacheka, ukabaki hapo hapo, chaki mkononi. Marlène akawazungushia mstari nyote wawili kwa mkupuo mmoja. Kijani kilichokuwepo kilimtosha Gael tu. Wewe ulibaki mstari wa makaa, ukisubiri rangi.

Ulimwomba Sadrack kopo la kijani Ijumaa ile.

"Kesho, Mama Jémima."

Ijumaa ya pili ukamwomba tena. "Kesho, bila kukosa."

Mara ya tatu ukamwambia, "Tata Jémima, kesho yako iko na kesho ingine nyuma." Mkacheka wote wawili. Jumatatu yake homa ikakushika.

Siku tulipokuwa tukikungoja kutoka hospitali, nyumba ilikuwa imejaa vilio. Elisée, mdogo wake Sadrack, alifika kwa gari moshi kutoka Tenke. Alikuwa hajafika kwetu miaka mitano. Aliona watu wanakuja, akaona ukuta umejaa alama za mikono na vumbi la malori. Akatafuta chokaa, akapaka peke yake, mkupuo mmoja, kuanzia lango hadi pembeni. Alitaka upokelewe kwenye nyumba safi.

Sadrack alipotoka ndani na kuuona weupe ule, alisema neno moja mbele ya watu wote: "Umemuzika mara mbili."

Elisée akaweka brashi chini. Baada ya mazishi akarudi Tenke, na ndugu hao hawakuzungumza tena. Sisi hatukumlaumu yeyote. Tulinyamaza, labda kupita kiasi.

Mvua za Novemba zilipoanza, chokaa ikaanza kubanduka, maana chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Marlène ndiye aliyekuja mbio na daftari kichwani. "Tata Sadrack! Kuya uone! Batu banatoka mu ukuta!"

Mguu wa anayeruka ulitoka kwanza. Mchi wa anayetwanga ukafuata. Kila baada ya mvua Sadrack alikwenda kusimama mahali pako, akangoja. Hakugusa kitu. Alingoja Novemba, Desemba, hadi Machi. Nomino zote zilirudi. Gael akarudi. Pembeni yake pakabaki peupe. Sadrack anajua rangi, Mama Jémima. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba makaa, yakishapakwa chokaa, hayarudi.

Mwisho wa mvua akatokea mbuzi mwenye kofia. Jémima, binti yenu, anasema baba yake alimtazama mbuzi yule kwa muda mrefu, akavua kofia, akaingia ndani kutafuta viatu. Kesho yake alikuwa Tenke.

Elisée alikuwa mlangoni, akamwita kwa heshima ya kaka mkubwa. "Yaya, mi niliona ukuta muchafu. Sikujua."

"Najua," Sadrack akasema. "Chokaa ni yako. Ile mustari ilikosa rangi sababu yangu. Aliniomba mara tatu."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Alituomba tuliandike neno lake hapa, nawe ulisikie mbele ya watu: samahani, Mama Jémima.

Wiki iliyopita ndugu hao waliosha ukuta pamoja, kwa brashi laini. Sadrack alinunua kopo zima la kijani. Watoto wakaongeza rangi kwa anayeruka, anayetwanga na anayefua. Marlène akajitolea kukuchora upya kwa kukumbuka, akashika makaa, akasimama, akayarudisha. Hatukumhimiza. Nafasi yako imebaki nyeupe kwa chokaa ya Elisée. Gael wa ukutani bado amelala hapo, kichwa kimeinama upande wako, na anayepita barabarani anaona wazi kuna mtu anayemshikilia asianguke.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi saa moja asubuhi parokiani, kisha tutakutana nyumbani, mbele ya ukuta.

Wanaokukumbuka: mumeo Sadrack Lukusa, binti yako Jémima, mama yako mzazi Mama Ngalula, shemeji yako Elisée, ambaye safari hii analala kwetu, walimu wenzako, na watoto wa alasiri, wakiongozwa na Marlène na Gael.

Siku zote, Mama Jémima, mahali pako ni pako.