Vifo vya Kipara, Mbele na Nyuma ya Shuka

Kakangu Kombo,

Salamu nakuletea, jibu silitaraji. Mama hajambo, ni magoti tu yanamsumbua. Uhuru umekuja, bendera mpya inapepea Changamwe nzima, na mimi dadako Mwanaisha bado nachoma muhogo pale pale uwanjani, ila kwa jiko jingine. Lile la zamani nililitupa. Wewe wajua kwa nini.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za bendera. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita nilitoka nyumbani na kisu changu cha muhogo ndani ya buibui, nikaenda uwanjani kumuua Mbaruku.

Ametoka jela, Kombo. Hakimu alisema ni ugomvi wa ghafla, akampa miaka yake, na miaka ikaisha kama inavyoisha. Sasa amerudi buchani kwake, anakata nyama kwa mkono ule ule. Mama asema nimwachie Mungu. Nikamwambia Mungu ana mengi, hili dogo nitamsaidia. Astaghfirullah, ndivyo nilivyosema, mbele ya mama mzazi. Nilikuwa nimejaa hadi hapa kooni. Na si kwa kukuua peke yake. Ni kwa ile methali aliyokutupia kabla ya kisu, methali ambayo watu waliiokota wakaenda nayo majumbani.

Wakumbuka tulivyokuwa tukikaa? Gari la sinema la watu wa sabuni likija, shuka inafungwa baina ya nguzo mbili. Mbele kuna mabenchi, ya walionunua mche wa sabuni. Sisi wanawake, na nyinyi makuli mliotoka kubeba magunia kwenye maghala ya reli bila hata ndururu mfukoni, tulikaa nyuma ya shuka. Picha inapita kitambaani, twaiona vilevile. Mimi nachoma muhogo, wewe umejibanza kando ya jiko waula bure, mwizi mkubwa wewe, na macho hayatoki kwa Kipara.

Kipara! Jina lake la kweli hatukulijua. Lile jitu lenye upara ung'aao, adui wa kila picha. Stelingi, shujaa wa picha, hafi, hilo hata mtoto anajua, lakini Kipara lazima afe. Na gari likirudi, huyo hapo tena, ana masharubu mapya, farasi mpya na kinyongo kipya. Akina mama wanashika vinywa: "Huyu si tulimzika?" Wewe ukajitwika kazi ya kuvitunza vifo vyake. Kila kimoja ulikipa jina. Kifo cha Treni, alipokanyagwa akabaki buti. Kifo cha Nyoka. Kifo cha Kamba, ulimi nje. Kifo cha Baruti kililigombanisha ghala zima, maana kilichoanguka chini ni kofia tu, na wewe ukashikilia kuwa kifo bila maiti si kifo, hakiingii. Ukavisoma kwa mpangilio kama mtoto wa chuoni asomavyo juzuu, na wenzako wanapandisha magunia kwa kuitikia.

Na ukaviigiza pia. Hapo ndipo ulipowamaliza watu. Unashika kifua, unageuza macho, unazunguka, halafu unaanguka chali, kwiii! Watu wanapiga makofi, wanapiga mayowe: "Inuka, Kipara, gari laja!" Nawe unainuka unajikung'uta. Mimi nilikuwa nakufulia lile shati, kwa hivyo nilijua siri yako: kule kuzunguka kote ulikuwa unatafuta mahali pasafi pa kuangukia.

Kisha kikaja Kifo cha Kisima. Stelingi alimpiga Kipara risasi ya mkono, Kipara akaufunga kitambaa, akapigana na mkono uliobaki mpaka akajikuta ananing'inia kisimani, vidole vinateleza kimoja kimoja. Kilikupendeza kile, weh! Picha ilipokwisha, watu wa mabenchi wakaja kwangu kununua muhogo, nawe ukaanza kukisoma. Mkono wa kushoto una risasi, ulisema, akaning'inia kwa wa kulia. Mbaruku, aliyetoka mabenchini, muhogo mdomoni, akasema uliopigwa ni wa kulia. Wewe ukasema kushoto. Yeye kulia. Watu wakacheka, mmoja akamwaga pilipili. Ukaapa kwa jina la Mungu kwamba uliona kwa macho yako. Naye akatema muhogo wangu mavumbini, akasema mbele ya watu wote: "Waapa uongo! Na vifo vyako vyote ni vya uongo. Njia ya muongo fupi."

Ukampiga kofi. Mimi ningempiga mawili. Lakini alikuwa ametoka buchani moja kwa moja, kisu kiunoni.

Kiliingia chini ya ubavu, kikatoka, kikaingia tena. Ukashika kifua. Ukazunguka. Na watu, Kombo, watu wakapiga makofi. "Kipara! Kipara!" Ukaanguka kifudifudi juu ya jiko langu. Hapo nikajua. Kakangu hawezi kuliangukia jiko langu, hata kwa mzaha, hata kwa kulipwa. Nikapiga ukelele, nao wakazidisha makofi, wakidhani na mimi nimeingia mchezoni. Makaa yalikuwa yamekamata shati. Damu ilikuwa ikimwagika juu ya makaa inachemka, na mimi nakuvuta kwa mikono yangu hii, viganja vikibabuka, na kuna mjinga mmoja huko nyuma bado anaita inuka, inuka. Tangu siku ile muhogo nauza, siuli.

Tukakuzika Jomvu Kuu kando ya baba. Na kwenye matanga, pale pale, sahani ya pilau mkononi, nikawasikia. Ati aliapa uongo, ndiyo sababu. Ati njia ya muongo fupi. Nikaibana midomo kwa ajili ya Mama. Lakini Mama pia alisikia, na hajawahi kuniuliza kitu, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikoninolea kisu miaka yote hii.

Basi Jumamosi. Gari limerudi, na picha ni ile ile ya kisima, imechakaa, inanyesha michirizi kama mvua. Mbaruku kakaa benchi la mwisho, kakonda, mvi zimemwingia. Sijawahi kwenda mbele ya shuka maishani mwangu. Nikazunguka nguzo. Akina mama wakaniita, "Mwanaisha, waenda wapi?" Nikayapita mabenchi. Nikasimama nyuma ya mgongo wake, karibu hata naona jasho la shingo. Nikachagua mahali: chini ya ubavu. Nikapanga kungoja bunduki zianze kulia, ili akianguka na yeye apigiwe makofi.

Katika kungoja nikatazama. Kombo, watu wa pichani walikuwa wanakula kwa mkono wa kulia! Wote. Wakumbuka tulivyowacheka wale watu, tukasema wanakula kwa kushoto ndiyo maana nyumba zao haziishi vita? Nikadhani shetani ananichezea. Kisha bunduki ikalia na Kipara akashika mkono wake, na ulikuwa wa kulia. Nikatazama mikono yangu mwenyewe chini ya buibui nihakikishe. Wa kulia. Mbaruku alisema kweli.

Nitakwambia bila kuficha, kwa muda kidogo nilikuchukia. Nilikuchukia, kakangu! Nikasema moyoni, kumbe umetuachia aibu hii kwa kiapo cha uongo. Kisu kikalegea mkononi. Na upepo ukapuliza, shuka ikajaa kama kanga kambani, na hapo ndipo kichwa kikanifunguka. Kanga! Ukiigeuza ndani, ua la kulia liko kushoto. Ua ni lile lile. Mola wangu. Hukusema uongo. Hata yeye hakusema uongo. Mmeuana kwa ajili ya shuka.

Nikamshika Mbaruku ukosi, kisu nikakibandika ubavuni, nikamwambia neno moja: "Inuka." Akainuka. Nikamburura mbele ya mabenchi yote, nikamzungusha nguzo, nikamtupa nyuma ya shuka, mahali pako, kando ya jiko. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Nikamwambia tazama.

Kipara alikuwa ananing'inia kisimani. Mkono wenye kitambaa, wa kushoto. Mbaruku akatazama. Akakimbia mbele, akarudi nyuma, akakimbia mbele tena, akarudi, kama kuku aliyekatwa shingo. Kisha akaketi mavumbini katikati ya wanawake, akasema hukuwa muongo. Nikamwambia sijasikia. Akasema tena. Nikamwambia na mabenchi hayajasikia. Basi akapiga kelele, mshipa umemsimama: "Kombo hakuwa muongo! Wallahi hakuwa muongo!" Akaendelea hadi sauti ikamkauka, na mwenye mashine akasimamisha picha.

Shingo yake ilikuwa hapa. Kisu hapa. Nilitaka, usinione mwema, nilitaka hata mate yakanijaa. Lakini nilitazama yale mavumbi karibu na jiko, nikajua akianguka pale ataanguka kama wewe, na hakuna gari la sabuni litakalomrudisha. Nikakata muhogo. Nilikata wote uliobaki, vipande vidogo vidogo.

Asubuhi yake jirani zake Mama walianza kubisha hodi mmoja mmoja, walewale wa pilau. Mama aliwakaribisha, akawapa kahawa, akawaacha waseme. Walipoondoka akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Vifo vya Kipara nitaendelea kuvitunza mimi, nakuahidi. Nitavisoma kwa mpangilio wako, na kila kimoja nitasema kilionekana kutoka upande gani. Kile cha Baruti sitakiingiza, usijali.

Chako hakimo humo. Nimekitazama mbele ya shuka, nimekitazama nyuma ya shuka, na pande zote mbili, kakangu, huinuki.

Lala basi. Mahali ulipo ni pasafi, nilipafagia mwenyewe.

Dadako,
Mwanaisha