Ngamia wa Madina na Nyumba ya Mama

Ijumaa, baada ya Alasiri. Joto la Maskati leo halina huruma. Nimejifungia chumbani kwangu, mtaa wa Ghubra, kama niliyeiba kitu, kiyoyozi kinanguruma.

Juzi Mama alianguka bafuni nyumbani kwake mtaa wa Khuwair, peke yake. Daktari kasema hapana tena kuishi peke yake. Basi leo watoto wake watatu tulikwenda kula kwake ili tuamue ahamie kwa nani.

Tuligombana hata wali haujapakuliwa. Kaka Nasri anamtaka kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Mdogo wangu Rahma ana chumba cha chini, hakina ngazi. Mimi nikawauliza, nyote mnashinda kazini, nani atakaa naye? Na mimi pia nafanya kazi, lakini hilo nililimeza.

Mama akatunyamazisha. Akaanza habari ya Madina, ile anayowasomesha wanawake wenzake kwenye darsa. Mtume (SAW) alipoingia, kila ukoo ulimshika hatamu ngamia wake: karibu kwetu, kaa kwetu. Akasema mwacheni, huyu kaamrishwa. Ngamia akapiga magoti kwenye kiwanja cha mayatima wawili, na hapo ndipo msikiti ulipojengwa, kwa matofali ya udongo na magogo ya mitende, na Mtume mwenyewe akibeba matofali. Lakini kwanza wenye kiwanja waliulizwa. Wakataka kukitoa bure, akakataa, wakalipwa.

"Mayatima waliulizwa," Mama akasema. "Mimi nna akili zangu timamu, na hapana hata mmoja wenu aliyeniuliza."

Tuliona haya. Nasri akajitia kucheka. "Haya Mama, hatamu tumeziachia. Unataka wapi?"

"Hapa hapa kwangu. Anayenitaka na ahamie. Vyumba si vipo?"

Nasri akaanza kutazama simu. Rahma akakusanya sahani na watu bado wanakula. Mimi nikafikiria skuli ya watoto, mume wangu atasema nini, jiko langu jipya. Nikasema, "Inshallah Mama, tutazungumza." Yeye akaitikia "Inshallah" kwa upole, akanitilia mchuzi mwingine. Afadhali angenigombeza.

Kumbe mapenzi yetu yote yalikuwa ya mdomoni.

Tumebusu mkono wake, tumeondoka, kila mtu na gari yake. Nimefika hapa ndipo nikashtuka: katika kelele zote zile hatukupanga nani atalala naye leo. Nimempigia Nasri, hapokei. Rahma anasema alidhani ni mimi.

Na Mama hataki kumsumbua mtu. Ataingia bafuni mle mle kutawadha Magharibi, sakafu imerowa, na hapana wa kumshika mkono.

Nimeshusha mkoba kutoka kabatini. Mume wangu yuko mlangoni, anauliza naenda kwa siku ngapi. Nimetia nguo za siku moja. Nimezitazama. Za wiki sijathubutu kuzigusa.