Bomba la Moshi na Moto wa Majembe

Usevya, Alhamisi jioni, mwezi wa kumi na moja, 1956

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamejikusanya upande wa Rukwa tangu mchana, yamekaa tu, hayanyeshi wala hayaondoki. Kijiji kizima kinaomba mvua. Mimi peke yangu naomba isinyeshe, angalau mpaka kesho jioni.

Sijawahi kuogopa hivi.

Mke wangu Verena ana mimba kubwa, na mtoto amelala kwa kukingama. Sista wa zahanati ya misheni alimpima Jumapili baada ya misa, akaniita pembeni, akanionya nisidanganywe na jinsi mwenyewe anavyocheka. Huyu hawezi kuzalia hapa, alisema, apelekwe hospitali Mpanda kabla uchungu haujaanza. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza humu humu kijijini, akiwa bado tumboni. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Gari ninalo. Ndiyo, mimi ndiye mwenye gari, na watu hunisalimia kwanza kwa ajili yake. Ni lori dogo kuukuu nililonunua kwa Mzungu wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao, nabebea mpunga, na ekzosi yake imeoza.

Asiye na gari ana bahati, hajui ekzosi ni nini. Ni bomba linalopita chini ya gari kutoa moshi wa injini mpaka nyuma. Langu limeliwa na kutu na kutoboka chini ya miguu ya dereva, tundu la kupitisha ngumi. Makelele nimeyazoea. Kinachoniua ni moshi: unapenya kwenye mbao za sakafu na kujaa ndani, ingawa madirisha yenyewe hayana hata vioo.

Jumatatu tuliondoka hivyo hivyo. Nilijiambia moshi ni moshi tu, hata jikoni upo. Hatukufika mbali, kichwa cha Verena kikalegea begani kwangu, nikadhani amesinzia. Nilipomwita hakuitika. Nilimshusha, nikamlaza kwenye majani kando ya barabara, nikampepea kwa kofia yangu mpaka alipotapika na kufungua macho. Nililia pale barabarani, mtu mzima na ndevu zangu.

Tukageuza, tukarudi polepole, yeye akichungulia nje kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Tangu siku hiyo nimejaribu kila kitu. Nimefunga bati la debe kwa waya, likaungua na kudondoka. Nimepaka udongo mbichi, ukapasuka kabla hata sijaingiza gia. Bomba jipya linaagizwa Tabora, lije kwa treni, na bei niliyowahi kutajiwa na fundi wa Mpanda ilinifanya nicheke; mpunga wangu wote wa mwaka huu hauitoshi. Gari la misheni limekwenda Sumbawanga na Padre, hajulikani atarudi lini. Nikasema basi, nimtandikie godoro nyuma. Sista akanijia juu: njia ile ya mbugani, yenye mashimo ya kwato za nyati yaliyokauka, itamrusharusha mpaka mtoto atokee njiani.

Akabaki Mzee Lusambo.

Mzee Lusambo ndiye mhunzi wetu. Ana mivukuto ya kupulizia moto, ana nyundo, na chuma anakikunja atakavyo. Lakini huu ni msimu wa majembe. Kila mwaka kabla ya mvua huhamia kwenye banda lake nje ya kijiji, analala huko, hamgusi mkewe, na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuuona moto ule. Wala mumewe. Wazee wanasema jembe lililofuliwa kwenye moto ulioonwa na mwenye mimba hupasuka likigusa ardhi. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa na kupata kipaimara, mambo hayo nayaita ya zamani. Hata hivyo, jana nilipofika niligundua nimesimama mbali na banda kama walivyonifundisha nikiwa mdogo.

Nilimweleza shida yangu kwa kupaza sauti, kama mtu anayenadi samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Ungekuja na shida nyingine yoyote ningekufanyia. Hiyo siwezi. Watu wote hawa watalima na nini?"

Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Angenitukana ningepata wa kugombana naye.

Nilirudi nikamwambia Verena. Leo asubuhi nilikuwa chini ya gari, natukana kutu, nikaona miguu yake ikipita na khanga ya kwendea misa. Nilidhani anakwenda kwa Sista. Nilipotoka kumtazama alikuwa ameshika njia ya banda la mhunzi.

Nilikimbia. Mwenye mimba kubwa anatembea upesi akiwa na hasira! Nilipomfikia alikuwa ameshaingia, amekaa chini mbele ya moto, miguu ameinyoosha, mikono juu ya tumbo. Wanaume waliokuwa wakingojea majembe yao wameganda. Mzee Lusambo ameinua nyundo na hajui aipeleke wapi.

"Baba, nisamehe," Verena akamwambia. "Moto wako umeshaniona. Kwa majembe umeharibika. Basi kabla hujauzima, nizibie hilo bomba."

Nilitamani ardhi inimeze. Pia, na naliandika hili bila aibu, sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale.

Mzee mmoja alitema mate, akasema, "Nyie mna dini yenu, sisi tuna mashamba." Alikuwa na haki. Sasa moto ule lazima uzimwe, majivu yatupwe, banda litakaswe kwa kuku mweupe, kisha uwashwe upya. Siku ngapi zitapita? Na mvua ndiyo hiyo inakuja. Wako watakaochelewa kupanda kwa sababu ya mke wangu, na njaa ikiwapata watanikumbuka kwa jina.

Mzee Lusambo aliishusha nyundo chini. Kisha akaniambia, bila kunitazama, nilete bomba.

Nililifungua mbio mbio, vidole vinavuja damu. Alikata kipande cha pipa la mafuta, akakipasha mpaka kikawa chekundu, akakizungusha pale penye tundu na kukigonga mpaka kikabana. Juu yake akaweka pete mbili za chuma. Kwenye maungio akapaka udongo wa kichuguu, akalisogeza bomba motoni udongo ukauke taratibu. Kazi nzuri, kwa kweli. Alipomaliza alimwaga maji kwenye moto mwenyewe, tukaondoka na ule mvuke nyuma yetu. Hakupokea chochote.

Nimelirudisha chini ya gari, nimewasha injini, nimepitisha kiganja pote. Nimekaa ndani muda mrefu kuupima moshi kwa kichwa changu mwenyewe. Hakuna kitu. Gari linanguruma kama gari la mtu mwenye mali. Nilipaswa kufurahi.

Lakini nilimwuliza Mzee Lusambo kama litashika mpaka Mpanda. Akanijibu kwamba kazi yake ameifanya, na chuma kimeona kilichokiona.

Upuuzi, nimejiambia. Mtu aliyebatizwa hababaishwi na maneno hayo. Na bado kila nikipita karibu na gari nainama kulichungulia lile bomba, natafuta ufa.

Verena anafunga nguo za mtoto sasa, anaimba. Alfajiri tunaondoka. Mbele yetu kuna mbuga yote ya Katavi, halafu mto Katuma, na mvua ikitutangulia mto ule hauvukiki. Bomba likipasuka katikati ya mbuga, nikisimama kulifunga, maji yatatufungia huku na uchungu utamkuta porini. Nisiposimama, moshi utampata.

Ee Mungu, nisimame au niendelee? Niambie leo nikiwa nimekaa, maana kule kichwa chake kikilegea tena begani kwangu sitakuwa na akili ya kuuliza.