Mume Wangu Alisubiri Kiti chenye Mlango, Harusi ya Binti Yetu Ikampita

Shangazi Dieuwke, naomba unisaidie kabla sijatamka neno ambalo halitarudi mdomoni, maana nina mume, Wiebe, mwalimu mstaafu wa hapa Haarlem, mtu mpole, halewi, hagombani na mtu, ila ana ugonjwa wa viti vya ndege, tena si viti vya watu kama sisi, ni vile vya mbele vya daraja la biashara vinavyolala vikawa kitanda, anavipiga picha, anavipima kwa utepe, kisha anaandika mtandaoni kipi kimeshinda kipi, na wapo watu, Shangazi, wanaosoma.

Mwezi wa tano binti yetu wa pekee, Maaike, alikuwa anaolewa Toronto. Wiebe akatoa pointi zote alizokusanya kwa safari zake, nikafurahi nikidhani tutakaa bega kwa bega, kumbe mwenzangu ana mpango wake: mimi nipande ndege ya shirika la Zeemeeuw moja kwa moja, yeye apande ya shirika la Edelfalk kupitia Zurich, siku hiyo hiyo, tukutane huko tulinganishe. "Wewe utakuwa macho yangu upande wa pili," akaniambia, kwa sauti ile aliyonichumbia nayo. Nikakubali, nikafika Ijumaa salama. Zurich kukawa na ukungu, ndege yake ikasogezwa hadi kesho yake, nikasema basi, ukungu haushtakiwi. Jumamosi mimi ndiye niliyemshika mkono Maaike hadi mbele, viatu vinanibana, mtoto anageuka kila hatua kumtafuta baba yake.

Wiebe alitokea keki imeshakatwa, uso umenawiri kama katoka mapumzikoni. Maaike akamkumbatia. "Pole baba, ukungu hauna adabu."

"Ukungu si kitu," akajibu, anajipakulia samaki. "Walitaka kunihamishia ndege nyingine jioni ile ile, kiti cha kule nyuma, katikati ya watu wawili! Nikawaambia asanteni, nasubiri changu."



"Kwa hiyo ungefika jana?" Maaike akauliza.

"Ningefika, lakini ningefikaje? Mwanangu, kiti kile kina mlango! Unaufunga, humwoni mtu."

"Basi rudi ukaufunge," akasema, akainuka, na tangu siku ile hapokei simu ya baba yake.

Sasa tumerudi nyumbani, na mwenzangu hana habari. "Atapoa tu," anasema, kisha ananiuliza godoro la Zeemeeuw lilikuwa gumu au laini, mkate uliletwa wa moto au baridi, na kama mhudumu aliniita kwa jina, maana bila nusu yangu hawezi kuandika, na wasomaji wanasubiri. Na kinachonichoma zaidi, Shangazi, ni kwamba nililala ndani ya ndege ile kama kichanga, nikala jibini mara mbili, nikafurahi kabisa kuwa peke yangu. Je, nimpe majibu yake nyumba itulie? Na je, mimi ni mke mbaya?

Hendrikje, Haarlem

SHANGAZI ANAJIBU

Hendrikje, pole, na hongera kwa jibini. Hapana, wewe si mke mbaya. Mwanamke aliyelala vizuri hana dhambi, ana usingizi.

Lakini usijipongeze mapema. Harusi ya mwanao imegeuzwa mashindano ya mito na blanketi, nawe ukasema ndiyo kwa sababu bwana alilegeza sauti. Halafu unaniandikia kwamba ni "mpole". Mpole! Mtu amepewa kiti cha kumfikisha kwa bintiye kwa wakati, akakikataa kwa kuwa hakina mlango. Huyo si mpole, dada yangu, huyo hana kelele tu.

Na usinidanganye kwamba hana habari. Asiye na habari angekuuliza mtoto ana nini. Yeye anauliza habari za mkate. Anajua fika alichofanya, anaogopa, na godoro halimkaripii mtu.

Sasa nisikilize. Majibu usimpe, hata moja. Wasomaji wake wavumilie, hakuna aliyewahi kulazwa hospitali kwa kukosa habari za godoro. Wiebe akate tiketi ya Toronto, peke yake, kule nyuma kabisa, na utepe wake auache kabatini. Akifika asitaje ukungu wala shirika la ndege. Aseme: "Ningeweza kufika, nikachagua kutofika. Nisamehe." Akifungiwa mlango, alale hotelini, arudi kesho kugonga tena.

Akigoma kwenda, nenda wewe. Kaa kwa mwanao, mpikie, msikilize akimsema baba yake, wala usimtetee. Usirudi mpaka Wiebe akupigie kuuliza unarudi lini. Akipiga kuuliza safari hii ulikaa kiti gani, kata simu.