Klima ya Mercedes ya Marcellin

Jumatatu, 5 Januari 2026

Klima ya Mercedes, badala ya baridi, inapuliza joto tena! Fundi Kambale ametia gazi mara mbili ndani ya wiki tatu. Leo kasema inavuja mahali fulani, nivumilie. Nivumilie nini? Séphora anaolewa Jumamosi hii! Vumbi la mtaa wetu wa Mudzipela likigusa gauni jeupe, basi. Lazima vioo vifungwe, na bila klima mwanangu ataiva humo ndani. Gari nyingine hataki — anataka ya marehemu baba yake. Nami nataka hivyo hivyo. Marcellin aliitunza miaka ishirini na sita akiingojea siku hii.

Jumanne, 6 Januari

Nimepaka povu la sabuni kwenye mirija yote, kama Marcellin alivyokuwa akifanya. Hakuna kilichotoa mapovu. Haivuji! Sasa Kambale ameona wapi? Nimejikaripia. Ni rafiki wa mume wangu tangu ujana, walinunua Mercedes zao pamoja, rangi tu ndiyo tofauti. Ni parrain wa Séphora, baba yake wa ubatizo. Ndiye atakayemshika mkono kuingia kanisani.

Jumatano, 7 Januari

Nimemwita Yves, fundi wa frigo na majokofu. Kawasha injini, kabonyeza kitufe cha klima, katega sikio. Kompresa, pampu ya ile baridi, ilipaswa kugonga "ta!" na kuanza kuzunguka. Kimya. Kaipa moto wa batri moja kwa moja kwa waya. Kimya.

"Mama Séphora, hii kompresa ilikufa zamani. Gazi haina kosa."

Zamani? Mwezi wa saba, Marcellin akiwa hai, tulikwenda Bogoro nimejifunika kitenge kwa baridi ya klima hii!

Nikachukua kitambaa na petroli, nikaisugua hiyo kompresa. Kila mwenye gari hapa huchonga alama kwenye vipande kabla ya kuingia garaji, visibadilishwe. Marcellin alichonga M kwa msumari — batri, rimu, kompresa. Nimesugua mpaka chuma kikang'aa. Hakuna M.

Nilikuwa namcheka kwa alama zake. Maana gari hii haijaingia garaji yoyote ila ya Kambale. Basi alikuwa anamwekea nani? Alijua! Alijua na hakuniambia, akaniachia huyo mtu kama ndugu. Nimelia kwa hasira, juu ya wote wawili.

Alhamisi, 8 Januari

Nimepita garaji. Kambale hayupo. Mercedes yake nyeupe ipo, kapo la injini wazi. Nimeinama kwenye kompresa.

M. Imepinda kidogo, kama mwandiko wake.

Nimerudi kwa miguu. Sikumbuki njia niliyopita.

Ijumaa, 9 Januari

Sijasema. Séphora anaimba tangu asubuhi.

Jumamosi, 10 Januari

Saa tatu asubuhi. Nimejifungia chumbani, naandika nimesimama. Kambale amekuja na suti mpya, Mercedes yake imejaa maua. Amesema mbele ya watu wote kwamba ya marehemu imeshindikana.

"Mama Séphora, usisumbuke. Kwangu baridi iko, tutafunga vioo."

Mbwa! Nilitaka kumtemea mate. Nikasema asante.

Séphora ameshapanda, kioo kakishusha kidogo, ananiita kwa furaha: "Mama, kuya usikie! Baridi iko sawa ya gari ya papa kabisa!"

Honi. Nikifungua mdomo, nani atamshika mkono? Nikinyamaza, nitakaa nyuma ya Kambale mpaka kanisani, kwenye baridi ya mume wangu —

Honi tena. Kambale anagonga mlango, ananiita shemeji.