Jinsi Bibi Yako Alivyopimwa Kusimama

Kinu cha Posho,
Sokoni Ndhiwa,
S.L.P. 9,
Homa Bay.

14 Julai 1968

Mpendwa mpwa wangu Nyabuto,

Salamu nyingi kutoka kwa mtu ambaye akikohoa hapa Ndhiwa, soko lote linanyamaza kusikia anataka nini. U hali gani huko Mombasa? Joto limekukondesha au wali umekunenepesha? Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imetosha, mahindi yamenipita kichwa, na urefu wangu unaujua.

Barua yako nilipata. Wewe na mama yako mlisema bibi yako, yaani mama yangu, apimwe hospitali, na wataalamu wakisema miguu haimbebi tena, atolewe nyumbani kwake Lambwe aje akae kwangu sokoni. Nilimsomea. Alitoka tu akaenda kwa kuku wake. Tangu ateleze pale mlangoni pa zizi, hofu yake si kuanguka, ni kuhamishwa.

Basi nikampeleka Homa Bay. Mimi nikiingia hospitali ile, wauguzi hutengeneza kofia zao. Tukaonyeshwa mtaalamu wa viungo, kijana wa koti jeupe anaitwa Javan. Akajitaja kwa adabu, yeye, baba yake na kwao ni wapi. Kisha akamwomba bibi yako asimame miguu pamoja, amtazame usoni, halafu afumbe macho, naye atamshika kiuno asianguke.

Nyabuto, niliona aibu. Mama aliinamisha kichwa, akavuta leso mpaka puani, na kila mkono wa Javan ulipokaribia aliyumba kwenda upande wa pili. Kusimama kwa mguu mmoja hakujaribu hata. Javan akasema kwa huruma kwamba mzee huyu asiishi peke yake, na akamtayarishia fimbo.

Nyumbani mama akamnong'oneza mke wangu Nyanchoka. Nyanchoka akanifuata kinuni, wateja wamejaa, akaniambia kwa sauti ya chini lakini kali:

"Baba Pamela, ulimpeleka mama akashikwe kiuno na mkwe wake?"

Hapo ndipo nikashtuka. Javan na baba yako Monari ni watoto wa ndugu wawili! Kwa sababu mama yako ameolewa kwao, Javan ni mkwe wa bibi yako kama baba yako alivyo. Wewe ulizaliwa mjini, lakini chinsoni yetu Wagusii umeisikia: mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kushikana. Kijana alipotaja kwao, bibi yako alijua papo hapo. Kulisema mbele yake kungekuwa aibu nyingine. Mimi sikusikia, nilikuwa namweleza karani jinsi kinu changu kinavyotikisa madirisha mpaka Karungu.

Wiki iliyofuata tukarudi. Nilinguruma, nikasikilizwa na mtaalamu mwingine, mama wa makamo anaitwa Marcella. Javan naye aliposikia habari alitoka nje mikono kichwani. Marcella akampima bibi yako yale yale, chumba kile kile. Alisimama wima kama nguzo ya simu, macho amefumba. Kwa mguu mmoja alisimama mpaka akauliza kama anaweza kuushusha, kuku wanangoja.

Lakini Marcella hakuridhika. Alisema kipimo kinachogeuka kwa kugeuka mpimaji hakitoshi kumhamisha mtu nyumbani kwake, wala kumwacha huko. Akamwomba bibi yako ruhusa arudie, Javan akiangalia kutoka dirishani, nyuma ya mgongo wake. Mama akakubali, mradi yeye asimwone kijana. Kisha kila mmoja akasema alichoona kabla hajasikia cha mwenzake. Wakalingana: miguu ni mizuri, abaki Lambwe, ila mlangoni pa zizi pawekwe changarawe. Changarawe nimeshapeleka.

Suleman wa duka la nguo anakusalimu, anauliza utaoa lini. Nami nauliza.

Msalimie sana mama yako Kemuma, na Monari, umwambie nduguye Javan ni kijana mzuri. Pamela anawasalimu nyote. Mungu awalinde kazini na barabarani.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye leo na siku zote,
Momanyi

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, lakini bibi yako aliomba asomewe, na amesema haiendi posta mpaka niandike nilichoruka. Haya. Alipokuwa amesimama kwa mguu mmoja, nilimwambia Marcella kwamba hilo si kitu, babu yetu alivuka Mto Kuja juu ya kamba amebeba ndama mabegani, na damu ni ile ile. Nikainua mguu wangu, nikafumba macho. Niliangukia beseni la maji. Kifundo kimevimba, na ile fimbo ya bibi yako ndiyo ninayotembelea mimi. Mama amewaacha kuku kwa jirani, amekuja kunikanda. Nikienda chooni, yeye ndiye anayenishika mkono.