Mashine Zilizokuwa Chini ya Kitanda Chako

Mdogo wangu mpendwa Koleta,

Namba yako haipatikani tangu ulipoondoka, na sijui mji unaokaa. Ndiyo maana naandika hapa, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma. Tena ipo sababu nyingine. Nilikutaja mbele ya akina mama wa Keza kwa sauti kubwa, wote wakanisikia. Haitakuwa haki nikikuomba radhi kwa kunong'ona.

Wasomaji wengine hawakujui, kwa hiyo nitaanza mbali kidogo. Mama yetu alituzaa wawili tu, huko Kirushya, nami nilikutangulia kwa miaka mitatu. Nyumbani tulisema Kihangaza; Kiswahili tulikikuta shuleni. Ulipokuwa darasa la pili ulisimama ukamwambia mwalimu kwamba huna karamu, na darasa zima likacheka, likauliza karamu ya harusi ya nani. Ulirudi umenuna, hukugusa hata chakula. Nilikukalisha juu ya kinu kilichopinduliwa nikakufundisha: kalamu, karamu, kulala, kurudi. Ulikuwa unashika ncha ya ulimi kwa vidole ili isikutoroke, halafu unacheka mpaka unasahau neno lenyewe. Siku ulipolipata ulizunguka migomba yote ukiimba "kalamu, kalamu," na mama akatoka jikoni kuangalia kama umeingiwa na wazimu.

Hukuwahi kuniamkia shikamoo. Mama alikugombeza sana kwa hilo. "Huyu?" ulimwambia. "Huyu ananivuta blanketi kila siku, nimwamkie kwa lipi?" Uliniita Mkubwa, nami nililipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Ulipopata kazi Biharamulo, katika ile kampuni ndogo ya malipo, ulinipigia simu mchana nikiwa kazini, kwenye chama cha ushirika wa kahawa pale Ngara mjini. Ulipiga kelele hadi meneja wangu akageuka. Ulinieleza kazi yenyewe: mnampa mwenye duka mashine ndogo inayokaa kiganjani, mteja analipa kwa simu ya mtandao wowote au kwa kadi ya benki, na kampuni yenu inapata makato kidogo kwa kila malipo. "Mkubwa, watu hawatafunga tena noti kwenye pindo la kanga!" ulisema. Nilikuamini. Nilikuwa na fahari juu yako, na bado ninayo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unalijua kundi letu la akina mama wa Keza, nilikoolewa, ambalo mimi nilikuwa karani wake. Tulikuwa tumeweka akiba kwa miaka mingi, na mwenyekiti wetu, Mama Jenista, akasikia redioni kwamba kampuni yenu inauza hisa zake kwa wananchi kwa mara ya kwanza. Akataka tuweke kila tulichokuwa nacho. "Hisa tunazijua," alisema, kwa sababu hata kwenye kundi fungu la akiba tunaliita hisa. Ilinibidi nieleze kwamba hisa ya kundi haipungui ikiwa sandukuni, lakini ya soko la hisa inapanda na kushuka, na siku nyingine inashuka ukiitazama hivihivi. Wakanielekezea macho wote. "Basi chunguza wewe," Mama Jenista akasema. "Umesoma biashara, na mdogo wako yuko mle ndani. Nani atajua zaidi?"

Hapo ndipo nilipaswa kukataa. Mtu hatumwi kupima chungu anachopikia ndugu yake. Lakini nilijisikia mtu wa maana, nikakubali.

Nilitoa mtandaoni nakala ya waraka wa matarajio, ule ambao kampuni hutoa kabla ya kuuza hisa, nikausoma Jumamosi mbili mfululizo. Picha zilikuwa nzuri. Maneno yalikuwa matamu. Mapato yalikua kila mwaka, faida ilikuwa nyembamba, na bei ya hisa niliiona kubwa kwa faida ile. Jambo moja lilinikaa kooni: waraka ulisema sana juu ya wafanyabiashara "waliounganishwa". Sikuona popote panaposema wangapi wanaitumia mashine. Mtu anaweza kuwa na jembe na asilime.

Kwa hiyo nikapanda gari kupitia Nyakahura na Lusahunga, nikaja kwako Biharamulo.

Ulinipokea stendi umevaa fulana ya kampuni, nywele umesuka vizuri, ukanipakia kwenye pikipiki yako kama mzigo wa thamani. Ulinitembeza sokoni duka kwa duka. Kiswahili chako, Koleta! Ulikuwa unaongea na wenye maduka kama mtangazaji, herufi zote zimekaa mahali pake, nami nikawaza juu ya kile kinu. Wote walikusifu. Mzee mmoja Msukuma, muuza mabati na misumari, alikuita mwanangu, akaitoa mashine kwenye droo na kuifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Nzuri sana," aliniambia. "Tatizo wateja wangu wanatoka mnadani. Mtu ameuza ng'ombe kwa noti, ananunua bati kwa noti. Mtandao nao ukikata, mteja ananinunia mimi. Lakini huyu binti siwezi kumrudishia mashine. Nampenda."

Ulicheka, lakini ulitazama pembeni.

Jioni ile tulikaa nyuma ya nyumba yako tukimenya ndizi. Kisha ukasema, "Mkubwa, nikwambie kama dada yangu? Siyo kama mjumbe wa wale mama?"

"Niambie."

Ulinishika mkono ukaniingiza chumbani, ukainama, ukavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limejaa mashine zenu. Ulisema wenye maduka walizirudisha, wengine kwa upole, wengine kwa kuzitupa kaunta, na bosi wako alikukataza kuwaondoa kwenye orodha. Alikuagiza kila mwisho wa mwezi upitishe malipo kidogo kwenye kila mashine, kutoka mfukoni mwako, ili makao makuu wazione ziko hai. Wenzako wa wilaya nyingine walifanya vivyo hivyo. Ulisema unalala juu ya zile mashine na unaota zinalia.

"Kwa nini usiache kazi?" nilikuuliza.

"Nikiacha, nani atamnunulia mama dawa ya presha? Halafu nasikia zitatengenezwa, zitakuwa bora. Labda ni kuvumilia tu." Ukanitazama. "Usilitoe hapa, Mkubwa."

"Silitoi," nilikujibu. Tena nikaongeza, "Haki ya Mungu."

Tulikula ndizi zile na maharage, tukalala kitanda kimoja kama zamani, na boksi likiwa chini yetu.

Mkutano ulifanyika Keza, katika darasa la shule ya msingi, akina mama wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nilikuwa nimejiandaa kutumia waraka peke yake. Nilieleza juu ya bei. Nilieleza kwamba mitandao mikubwa ya simu inaweza kufanya kazi hiyohiyo kesho asubuhi. Nilisema kampuni ndogo isiyo na akiba ya kutosha ikipata mwaka mmoja mbaya haina pa kuegemea. Walinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua ya shamba la jirani. Kisha Mama Jenista akasimama.

"Mdogo wako anakula mshahara pale," alisema. "Ninyi mkishiba, sisi tukikaribia chungu mnakifunika. Kwa nini hutaki na sisi tule?"

Wengine waliguna wakikubali. Nilihisi uso unawaka. Ningeweza kusema, "Nipeni wiki moja nirudi na hesabu." Ningeweza kukaa chini. Badala yake nilipiga dawati kwa kiganja nikasema: "Mashine za kampuni hiyo ziko kwenye boksi, chini ya kitanda cha mdogo wangu Koleta! Yeye ndiye anayezifanya zionekane hai! Nimeziona kwa macho yangu!"

Hakuna aliyebisha tena. Walipiga kura, wote wakakataa kununua, na Mama Jenista mwenyewe akaja kunishika mikono yote miwili. Nilitoka pale nikijiona shujaa. Nilifika hadi kwenye daraja la miti kabla sijakumbuka kwamba niliapa.

Kabla ya jua kuzama, mmoja wao alikuwa ameshaandika habari ile kwenye kundi la simu la ukoo wao, nao wana ndugu Biharamulo. Habari ikaifikia kampuni, na siku chache baadaye meneja wenu akaja kutoka Mwanza na barua yako ya kufukuzwa. Bosi aliyekuagiza alikana kila kitu. Waliandika kwamba wewe peke yako ulikuwa ukidanganya kampuni.

Ulinipigia simu siku hiyohiyo. Nilijua kabla sijapokea.

"Shikamoo, dada," ulisema.

Mara ya kwanza maishani mwetu. Na mimi, kwa mazoea tu, mdomo wangu ukajibu, "Marahaba."

"Ulisema hutalitoa."

Nilianza kujieleza, nikataja waraka, nikataja akiba ya wale mama. Uliniacha nimalize. Kisha ukasema, "Asante, dada," kwa sauti uliyozoea kuwapa wateja, ukakata.

Ulikwenda Kirushya kumuaga mama, ila hukumwambia unamuaga, wala hukumwambia nilichokufanyia. Ulisema tu kazi imekwisha. Mama, kwa hofu ya mzazi, alikwambia umri unakwenda, kama kazi imekwisha basi utafute mume utulie. Asubuhi alikuta kitanda kimetandikwa na wewe hupo. Amebaki akiamini kwamba maneno yake ndiyo yaliyokufukuza.

Imepita miaka miwili sasa. Hisa za kampuni ile zilipanda kidogo mwanzoni, kisha zikaporomoka, na walionunua wanatafuta wa kuwauzia. Kundi letu lilinunua mashine ya kusaga, inafanya kazi vizuri. Katika kila mkutano mtu husimama kunishukuru. Wamenipa vitenge viwili. Wananiita aliyetuokoa, na kila wanapolitaja neno hilo natamani kutoka nje.

Mwaka jana niliufungua tena ule waraka. Sijui nilitafuta nini. Labda nilitafuta kujitetea. Nilikaa na kalamu na karatasi, nikafanya jambo ambalo sikulifanya mwanzoni: nilichukua makato ya kila mwaka nikayagawa kwa wafanyabiashara waliounganishwa mwaka huo. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kila mwaka wenye maduka waliongezeka, na kila mwaka kila mmoja alileta kidogo kuliko mwaka uliopita. Ilikuwa wazi. Mashine zilikuwa zinaongezeka na malipo hayaongezeki nazo. Mama yeyote wa Keza angelielewa hilo. Ningemwambia umeongeza migomba shambani na mikungu ni ileile, angejua kwamba iko iliyokauka. Hata Mama Jenista angeketi.

Ukweli wote niliouhitaji ulikuwa umechapishwa na kampuni yenyewe. Sikuhitaji boksi lako. Nilikuuza kwa sababu nilitukanwa na nikakosa subira ya wiki moja, basi. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kama ningekutoa kafara kuwaokoa wale mama, labda ningepata pa kujificha.

Wiki mbili zilizopita nilisimama kwenye mkutano nikawaambia haya yote: kwamba uliagizwa, kwamba uliniamini, na kwamba shukrani zao wamezipeleka mlango usiostahili. Mama Jenista alilia. Niliacha ukarani wa kundi siku hiyo, wala hawakunizuia.

Baadaye nilikwenda Kirushya, kwa sababu palibaki mtu mmoja ambaye sikuwa nimemwambia. Miaka miwili nilimsikiliza mama akijilaumu, nami nikamwacha aubebe mzigo huo maana ulinifaa. Jumapili, baada ya misa, nilimsomea barua hii hadi pale nilipokuwa nimefika kuiandika, nikimgeuzia kwa Kihangaza sentensi moja moja. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilipofika kwenye lile darasa la Keza, vidole vyake vilisimama. Nilisoma hadi mwisho.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Nikapiga magoti. Hakuniinua.

"Miaka miwili," alisema, "nimekuwa nikienda kwa padri kuungama dhambi yako."

Akachukua ungo wake akaingia ndani. Nilikaa uani mpaka jua likahama, kisha nikarudi Keza.

Juzi alimwomba jirani anipigie simu. Hakuniuliza hali. Alisema katika barua yangu niweke maneno yake kama yalivyo, nisiyapambe: "Mwambie mwanangu nilisema yale ya kuolewa kwa woga. Sikumchoka. Kama hataki kumwona dada yake, aje siku dada yake hayupo. Nitamwambia huyo dada asije."

Nimekubali. Ukituma neno kwa mama, siku utakayochagua mimi sitakanyaga Kirushya, wala sitauliza ulivaa nini, wala umenenepa au umekonda. Huo ndio ujumbe wake, nami nimeufikisha. Wangu nisingependa ukae juu ya wake, kwa hiyo naishia hapa.

Ubaki salama popote ulipo.

Dada yako